Kupanga upya menyu ya kompyuta za saiba: Xfce, hatua kwa hatua

Karibuni watazamaji. Leo tunaipanga upya menyu ya kompyuta ya saiba, ile inayokaa mbele ya mteja pale Mwembe Tayari au Likoni, Mombasa, ili aliyekuja kuandika barua asilazimike kuuliza Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, ni kitu gani. Mashine yetu ina Linux yenye Xfce, yaani mazingira yanayoonyesha menyu, paneli na madirisha. Ingia kwa akaunti ya wateja, si ya msimamizi, kwani mabadiliko yote yatakaa kwenye folda ya mtumiaji huyo peke yake.

Kwanza shika karatasi, uorodheshe kazi zinazowaleta watu: kuandika barua, kuskani, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya), iTax (tovuti ya kodi ya KRA). Hizo ndizo zitakazokuwa majina. Mteja anaijua shida yake. Jina la programu halimhusu. Maneno mawili au matatu yanatosha: “Andika barua”, “Skani hati”. Usianze kila jina na “Huduma ya”. Jicho litasoma “Huduma” mara nne kabla ya kuona tofauti.

Haya, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike mistari hii miwili ya kunakili faili inayobeba jina na kundi la Writer kwenye menyu:

mkdir -p ~/.local/share/applications
cp /usr/share/applications/libreoffice-writer.desktop ~/.local/share/applications/

Faili ya asili iliyoko /usr/share usiiguse. Programu ikisasishwa huandikwa upya, na kazi yako yote imekwenda. Nakala yenye jina lile lile kwenye folda yako ndiyo itakayosomwa badala yake.

Fungua nakala hiyo kwa kihariri cha maandishi. Kwenye mstari wa Name weka:

Name=Andika barua

Hapa ndipo wengi hukwama. Tazama chini yake: huenda kuna msururu wa Name za lugha nyingine, kila moja na alama ya lugha yake kwenye mabano ya mraba. Kompyuta ikiwa imewekwa Kiingereza cha Uingereza na mstari wa en_GB upo, huo ndio unaoshinda, na menyu itabaki na jina la zamani hata uizime na kuiwasha mara kumi. Ifute mistari hiyo ya lugha. Ukishuka zaidi utakuta sehemu ya Desktop Action, nayo ina Name yake. Hiyo iache ilivyo.

Sasa badilisha kundi:

Categories=X-Wateja;

Kundi ulilolibuni mwenyewe ni lazima lianze na X-. Nukta mkato ya mwisho usiisahau.

Kwa eCitizen tunatengeneza faili mpya, ecitizen.desktop, kwenye folda ile ile:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=eCitizen
Exec=firefox --new-window https://www.ecitizen.go.ke
Icon=/home/wateja/picha/ecitizen.png
Categories=X-Wateja;

Ya iTax ni vivyo hivyo, ila jina, anwani na picha. Kila moja ipe picha yake. Ikoni ya Firefox ikijirudia, mteja atabonyeza yoyote tu. Kagua kila faili kwa amri ya desktop-file-validate. Isipotoa “error”, mambo ni sawa.

Kundi nalo lataka jina la kuonekana. Ndani ya ~/.local/share/desktop-directories tengeneza wateja.directory:

[Desktop Entry]
Type=Directory
Name=Kazi za Wateja

Kisha nakili /etc/xdg/menus/xfce-applications.menu uiweke ~/.config/menus. Juu kidogo ya </Menu> ya mwisho kabisa, ongeza:

<Menu>
<Name>Wateja</Name>
<Directory>wateja.directory</Directory>
<Include><Category>X-Wateja</Category></Include>
</Menu>

Ili likae juu, andika <Menuname>Wateja</Menuname> mwanzoni mwa sehemu ya Layout. Mpangilio huu unafuatwa na kitufe cha kawaida cha Applications Menu. Kiweke kwenye kona ya skrini: mshale ukigonga ukingo hauwezi kupita, hata panya akiwa mkongwe. Ndani ya kundi usiongeze menyu nyingine. Mkono ukienda mshazari kidogo, menyu ndogo hujifunga na mteja anaanza upya. Na Juni, foleni ya ritani za kodi ikirefuka kuelekea tarehe 30, usiisogeze iTax. Aliyezoea kuipata mahali pake ataitafuta pale pale.

Programu zisizohitajika, nakili faili zake vivyo hivyo uongeze NoDisplay=true chini ya mstari wa [Desktop Entry]. Usitumie Hidden=true: hiyo huifanya programu ihesabike kama imefutwa, na hati zilizokuwa zikifunguka nayo zinaweza kukosa wa kuzifungua. Tena kuficha si kufunga. Akaunti ya wateja isiwe na sudo, yaani mamlaka ya msimamizi, kabisa.

Maliza kwa xfce4-panel -r. Menyu ikitokea tupu, kuna alama haikufungwa kwenye faili ya menyu. Iondoe ile ya ~/.config/menus na ya asili itarudi. Ikikaa sawa, beba ecitizen.desktop na wenzake, wateja.directory, faili ya menyu na folda ya picha kwa flashi hadi mashine ya pili. Huko jina la akaunti likiwa tofauti, rekebisha njia ya Icon, la sivyo picha hazitaonekana.