Chakula cha baa kisicho na nyama: tupike nini, na tukipike vipi

Ndugu wenye baa, ndugu wapishi, na nyinyi mnaosimama kaunta mpaka saa za kufunga, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie vyakula vya walaji mboga na vegani kwenye menyu ya baa. Nitaanza na jambo linaloharibu kazi hii kabla hata jiko halijawashwa.

Jikoni kwingi, chakula kisicho na nyama hutungwa kwa kuondoa. Mpishi anachukua sahani aliyoizoea, anatoa nyama, na kinachobaki anakipa jina. Saladi ya kuku bila kuku. Tambi na mboga za kuchemsha. Mteja anakula, analipa, harudi tena. Mimi nasema hivi: mtu aliyeingia baa ana njaa ya baa. Anataka chenye chumvi, chenye gamba linalokatika kwa sauti, chenye mafuta, na uchachu wa kuyakata mafuta hayo. Anataka kula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika glasi. Njaa hiyo anayo anayekula nyama na asiyekula. Ukiipikia sawasawa, sahani yako itaagizwa na meza nzima. Na meza nzima ndiyo inayolipa, maana kundi la marafiki mara nyingi huchagua pa kwenda kwa kumfuata yule mmoja mwenye masharti.

Tuwekane sawa kidogo. Mlaji mboga hali nyama wala samaki, ila wengi wao hula mayai, maziwa na jibini. Vegani hali chochote kilichotoka kwa mnyama, asali ikiwemo. Na si mambo ya juzi: chama cha kwanza cha vegani kilianzishwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Kwa jiko dogo la baa, ushauri wangu ni kupika vya vegani tangu mwanzo, kisha jibini au yai liwe nyongeza anayeomba mteja. Sahani moja inawatosha wote. Ukipika kwa siagi na maziwa tangu mwanzo, huwezi kuyatoa tena oda inapofika saa tatu usiku na jiko limejaa.

Sasa ladha. Wapishi huniambia bila nyama chakula hakikolei. Wana hoja, lakini kinachokosekana kinajulikana kwa jina. Mwaka 1908 huko Tokyo, mkemia Kikunae Ikeda alichunguza mchuzi wa mwani akagundua kuwa ukolezo wake unatokana na glutamati. Glutamati hiyo imo kwenye sosi ya soya, kwenye nyanya zilizoiva sana, kwenye nyanya ya kopo iliyokolezwa. Uyoga mkavu nao una kitu kingine, guanilati, na viwili hivyo vikikutana chunguni ladha inapanda kupita ile ambayo kila kimoja kingeleta peke yake. Kwa hiyo kila asubuhi bandikeni rojo la msingi. Kaangeni vitunguu taratibu mpaka viwe vya kahawia, tieni nyanya ya kopo muikaange mpaka ibadilike rangi na kuanza kushika sufuria, mwagieni bia nyeusi, kisha maji mlimoloweka uyoga mkavu (yachujeni, huwa na mchanga), malizieni na sosi ya soya. Rojo hilo litaingia kwenye maharage, kwenye pai, juu ya viazi vilivyopondwa, popote ambapo zamani mlimwaga mchuzi wa nyama.

Na nyinyi mna bahati ambayo mgahawa wa kawaida hauna habari nayo: bia yenyewe ina mtoto jikoni. Hamira inayobaki viwandani baada ya kutengeneza bia hukamuliwa ikawa kiini cheusi kizito chenye chumvi, kilichojaa glutamati. Marmite ilianza hivyo mwaka 1902, mjini Burton upon Trent, mji wa viwanda vya bia. Kijiko kidogo tu cha kiini cha namna hiyo hukoleza sufuria nzima ya rojo.

Nakuja kwenye uyoga, na hapa nitakaa, kwa sababu ndio unaoharibiwa kuliko kitu kingine chochote kwenye menyu za baa. Uyoga ni maji kwa takriban asilimia 90. Mkiutia kwenye mafuta ukiwa mbichi namna hiyo, unatoa maji, mafuta yanapoa, na unachompelekea mteja ni kitu cha kijivu kinachoteleza. Chukueni uyoga mpana, ule unaochanika kwa nyuzi. Uchaneni kwa mkono, msiukate kwa kisu, kwa sababu kingo zilizochanika ndizo zinazoshika unga. Uwekeni kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, bila mafuta. Utalia, utatoa maji, maji yatakauka, nao utaanza kupata madoa ya kahawia. Msiogope kwamba utavurugika. Ngozi za chembe zake zimejengwa kwa kaitini, na kaitini haiyeyuki kwa moto kama mboga za majani. Ukishakauka, utandazeni kwenye trei upoe, mkauweke akiba.

Oda ikija, changanyeni unga wa dengu (zile ziitwazo kwa Kiingereza chickpeas) na unga wa ngano, chumvi, pilipili manga na paprika, kisha mmimine bia iliyotoka kwenye friji. Korogeni mara chache tu, vidonge vikibaki viacheni. Gesi ya bia hufanya gamba liwe jepesi, na kileo hukimbia haraka kuliko maji, kwa hiyo gamba hukauka kabla ya uyoga kuchoka. Mafuta yawe nyuzi 180. Dakika tatu, nne hivi, toa, nyunyiza chumvi ukiwa bado unachuruzika. Pembeni wekeni siki au ndimu na mayonezi ya vegani. Hicho ndicho chakula cha baa.

Mayonezi hayo hayahitaji kununuliwa. Maji mnayomwaga mkifungua kopo la dengu, yale mazito kidogo, hupigika yakawa povu kama ute wa yai. Mfaransa Joël Roessel alilionyesha hilo mwaka 2014, na mwaka uliofuata jina la akwafaba likaenea. Wekeni vijiko vinne vya maji hayo kwenye jagi jembamba, haradali kidogo, ndimu, chumvi, kisha mwageni mafuta ya kupikia mililita 200 polepole huku blenda ya mkono ikizunguka. Ponda kitunguu saumu humo ndani na tayari una kitu cha kuchovyea kila chipsi itokayo jikoni.

Dengu zenyewe ni mali. Zilizopikwa zisageni na ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu, mpate hamasi, rojo zito la kuchovyea. Lakini falafeli, yaani madonge ya dengu ya kukaanga, ni kazi nyingine, na hapa wengi wanakwama. Dengu za falafeli hazipikwi. Zinalowekwa usiku kucha, zinachujwa vizuri, zinasagwa mbichi pamoja na kitunguu, kotimiri na bizari nzima. Za kopo zimeshapikwa, wanga wake umeshavimba na maji, kwa hiyo donge likiingia kwenye mafuta linasambaratika, nawe unaanza kuongeza unga mpaka unakaanga mkate. Zilizolowekwa tu hushikana zenyewe mafutani.

Baga. Kuna vipande vya kiwandani vinavyoiga nyama, vilivyoshika kasi tangu Impossible Burger ilipoingia sokoni mwaka 2016. Vinafaa, na wako wateja watakaovitaka. Ila mnaponunua kile kile anachonunua jirani, mteja hana sababu ya kukupitia wewe, na baadhi ya vegani hawataki kabisa kitu chenye ladha ya nyama. Tengenezeni pia ya kwenu ya maharage. Adui wa baga ya maharage ni unyevu. Yatandazeni maharage yaliyopikwa kwenye oveni mpaka maganda yapasuke na kukauka, kisha muyaponde nusu tu, pamoja na uyoga uliokaangwa kavu, makombo ya mkate na rojo letu la asubuhi. Badala ya yai, kijiko kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji, viache dakika kumi vigande. Fanyeni vipande, viingie friji saa moja kabla ya kikaango.

Jambo moja la hatari, na naomba mlishike. Maharage mekundu mabichi yana sumu, aina ya lektini, inayotapisha vibaya. Yalowekeni saa tano au zaidi, mwageni maji hayo, kisha yachemke, nasema yachemke kwa mapovu, nusu saa kamili kabla ya kuyapunguzia moto. Chungu cha umeme cha moto mdogo hakifiki joto hilo, na maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi.

Tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa yakawa donge, nitaipitia haraka. Igandisheni kwenye friza, iyeyuke, muikamue kwa mikono: barafu huacha matundu, nayo hunyonya viungo kama sifongo. Pakeni wanga wa mahindi, kaangeni, vurugeni kwenye sosi kali. Imetosha.

Sasa nizungumze kwa uzito kidogo kuhusu uaminifu. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga mabawa ya kuku si za vegani, hata viazi viwe safi namna gani. Ikiwezekana tengeni mashine moja ya kukaangia. Isipowezekana, andikeni wazi kwenye menyu na mteja aamue mwenyewe. Someni chupa zenu pia. Sosi ya Worcestershire kwa asili ina anchovi, samaki wadogo wa chumvi. Jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, kwa hiyo si la mlaji mboga. Unga wa pai wa kununua unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Na neno vegani si kinga ya mzio: ufuta, soya, ngano, haradali, vyote hivi vimo katika orodha ya vizio 14 ambavyo Umoja wa Ulaya unadai vitajwe, na vyote vimo katika mapishi niliyowapa leo. Mhudumu aulizwapo asibahatishe. Aende jikoni akaulize.

Wengi husahau bomba la bia. Bia na divai huweza kusafishwa kwa mabondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, kinachovuta chachu na kuizamisha chini. Divai husafishwa pia kwa ute wa yai au kwa protini ya maziwa. Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaacha kutumia mabondo, na wengine wengi wamefuata. Waulizeni wanaowaletea, muandike alama kwenye orodha ya vinywaji. Na kumbukeni bia ile ndiyo mnayotia kwenye unga wa uyoga.

Mama pale nyuma ameuliza vyakula hivi viwekwe wapi kwenye menyu, vitengewe ukurasa wao? Hapana, mama. Ukivitenga, anayekula nyama haufungui ukurasa huo. Uyoga wa kukaanga uwe juu kabisa kati ya vitafunwa, baga ya maharage iwe kati ya baga, na kila kimoja kiwe na alama ndogo pembeni. Kwenye jina andikeni kilichomo: uyoga uliokaangwa kwa bia nyeusi, mayonezi ya kitunguu saumu. Msiandike "bila nyama". Anayehitaji kujua ataiona alama, na wengine wataagiza kwa sababu uyoga umewavutia.