Majina 16 na Kipa Mmoja

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie vikosi vya timu za taifa katika mpira wa magongo wa wanaume, nami naanza na karatasi. Kabla ya mashindano kocha huwasilisha orodha ya majina. Kombe la Dunia humpa nafasi 18, Olimpiki 16 tu. Utasikia mtu akisema, wawili ni kitu gani? Muulizeni kocha, maana hao wawili ndio wanaomnyima usingizi.

Hesabuni pamoja nami. Wanaoingia uwanjani ni 11. Kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, wala hakuna kungoja filimbi: mmoja anatoka mbio, mwenzake anaingia, na aliyetoka hurudi baada ya dakika chache akishavuta pumzi. Mchezo una robo nne za dakika 15, na mbio zake si za kumwacha mshambuliaji ndani mwanzo hadi mwisho. Basi wale 5 waliobaki msiwafananishe na wa akiba wa kandanda, wanaoshinda benchi wamejikunyata. Hawa wanacheza. Ukimtia kipa wa pili kwenye 16, umebaki na 4 wa kupokezana, na huyo kipa anaweza kurudi nyumbani bila kugusa mpira. Ndiyo maana orodha nyingi za Olimpiki zina kipa mmoja. Ni kamari, na makocha wanajua hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailisemi: nani anapiga kona fupi. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa goli, unatulizwa nje ya duara la mbele ya lango, kisha mtu mmoja anauburuta kwa gongo lake na kuufyatua langoni. Wanaolinda ni 5 tu, kipa akiwemo. Kona hiyo ikishatolewa, kubadilisha wachezaji kunasimama hadi iishe. Maana yake mfyatuaji wako akiwa benchi wakati huo, amekosa kazi yake. Dawa ni nini? Mfyatuaji awe beki, kwa kuwa mabeki hawatoki mara kwa mara. Sohail Abbas wa Pakistan, aliyefunga mabao 348 ya kimataifa, alikuwa beki. Gonzalo Peillat naye beki: alitwaa dhahabu ya Olimpiki na Argentina mwaka 2016, akahamia timu ya Ujerumani, na mwaka 2023 akatwaa nayo Kombe la Dunia baada ya kufunga matatu peke yake dhidi ya Australia katika nusu fainali. Ukimpata mtu wa namna hiyo, nusu ya orodha imejiandika yenyewe.

Sasa twendeni Olimpiki ya Paris, 2024. India walipeleka mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 5 na kipa mmoja, P. R. Sreejesh, aliyekuwa ameshatangaza kwamba anastaafu. Nahodha alikuwa Harmanpreet Singh, beki na mfyatuaji. Robo fainali wakakutana na Uingereza. Dakika ya 17, gongo la beki wa India, Amit Rohidas, likampata mpinzani kichwani: kadi nyekundu. Zimebaki dakika 43 na wao ni 10. Hapo ndipo ile hesabu yetu ya kupokezana ilipowaumiza, kwa sababu kila pengo lilizibwa na mapafu ya wengine. Matokeo 1-1.

Ikaja mikwaju ya kuamua mshindi. Mshambuliaji anatoka na mpira mita 23 kutoka langoni, ana sekunde 8, mbele yake kipa peke yake. Sreejesh akasimama imara na India wakashinda 4-2. Lakini fikirini: huyo kipa angeteguka kifundo cha mguu dakika ya 50 je?

Rohidas akafungiwa mechi moja, kwa hiyo nusu fainali India walibaki na majina 15. Watu wengi waliona amekosekana beki tu. Mimi naona vingine. Rohidas ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa kwanza katika kona fupi, yule anayetoka mstarini kama mshale kumwendea mfyatuaji huku mpira ukimjia magotini. Kazi hiyo haina wagombea wengi! Na waliokutana nao ni Ujerumani, yaani Peillat. Akafunga kwa kona fupi dakika ya 18, na Ujerumani wakashinda 3-2. Sisemi Rohidas angeuzuia mpira ule, hakuna ajuaye. Nasema pengo lilikuwa mahali palepale.

India walipata shaba kwa kuifunga Hispania 2-1, mabao yote mawili ya Harmanpreet, na Sreejesh akawa langoni kwa mara ya mwisho. Kipa mwingine, Krishan Bahadur Pathak, jina lake lilikuwa miongoni mwa watatu wa akiba, nje ya wale 16.