Ncha ya Fimbo: Mhadhara wa Seremala kwa Wacheza Pool wa Mafinga

Kamwene! … Haya, wamejibu wa mbele tu. Huko nyuma baridi imewashika midomo, nawaelewa, Mafinga ya mwezi wa saba haina utani. Sogeeni karibu na meza, maana leo nitasema huku nimeshika vitu mkononi.

Mimi ni seremala. Pool nimejifunzia ukubwani, nikingoja mbao. Dereva wa lori akikwambia anafika saa nne, wewe jua ni saa kumi, na pembeni ya kituo pana meza. Kwa hiyo haya ya leo ni ya mtu wa randa na msumeno. Mabingwa mnao humu ndani, na mmoja wao kanila soda mbili juzi tu, simtaji.

Naanza na swali. Fimbo na mpira mweupe hugusana kwa muda gani? Waliopima wanasema ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Piga hesabu: jioni nzima umepiga mipira hamsini, umevua jaketi, umetoka jasho, umegombana na mwenzako kuhusu faulo, na muda wote ambao fimbo yako imegusa nyeupe haujafika hata robo ya sekunde. Tena kilichogusa ni kipande cha ngozi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Hayo mengine, mti, rangi, nakshi, jina lililoandikwa kwa dhahabu, kazi yake ni kuifikisha ngozi hiyo mahali pake. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue fimbo gani, nami namuuliza: ncha umeitazama?

Zamani ncha ya ngozi haikuwepo. Watu walipiga kwa mti mtupu, na ukigusa mpira pembeni kidogo tu, fimbo inateleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, Mfaransa mmoja aitwaye François Mingaud, mwanajeshi aliyekuwa amefungwa gerezani, ndiye anayetajwa kuwa aliivalisha fimbo ngozi. Jela ina muda mwingi, jamani. Chaki nayo, hii ya buluu, msidhani ni ndugu yake chaki ya mwalimu. Ni unga wa silika, yale madini ya mchanga, uliochanganywa na madini mengine magumu yanayokwaruza, kazi ya Wamarekani wawili, William Spinks na William Hoskins, waliopata hataza yake mwaka 1897. Inaipa ngozi meno ili iung'ate mpira. Sasa nyie mnaisokota chaki juu ya fimbo kama mnatoboa mbao kwa keke, katikati panakuwa shimo na ukingoni hapapati kitu. Pakaa kama unavyopaka kiwi kiatu, na upake kila kabla ya kupiga, si mpaka ukosee ndipo uitafute chaki.

Hebu tazameni hii. Nimeiazima kaunta sasa hivi. Mnaiona ncha? Imelala bapa kama kichwa cha msumari, halafu inang'aa. Ngozi inayong'aa haishiki chaki hata uipake mpaka usiku. Nachukua kipande hiki cha msasa, naikwaruza taratibu kuzunguka ukingo, katikati naigusa kidogo mno. Nageuza, natazama kwa ubavu. Mgongo wake unatakiwa uviringe kama ukingo wa sarafu. Bado … bado … hapo. Dakika mbili, na fimbo ya baa imekuwa fimbo. Ngozi ikiisha hadi ukaribie kuona pete nyeupe iliyo chini yake, usibembeleze, ibandue, bandika nyingine kwa gundi nzuri.

Sasa mti. Hapa mtanivumilia, ndipo nyumbani kwangu.

Sisi tumezungukwa na paini. Msitu wa Sao Hill ule pale, mtu anaweza kudhani mti wa fimbo tunao mlangoni. Niliwahi kuchonga moja ya paini, nikaipiga msasa mpaka inateleza mkononi kama sabuni. Haikumaliza mwezi. Paini inakua haraka, pete zake za ukuaji ni pana, mti ni laini. Kila ikigonga ukingo wa meza inabonyea. Fimbo nyingi nzuri za mtindo wa Kimarekani, sehemu ya mbele huwa ya mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Za Kiingereza nyingi ni za mti uitwao eshi. Utaujua kwa mistari yake, ukiutazama juu unaona kama vishale vimepangwa kuelekea mbele. Na sehemu ya nyuma, pale penye uzito, wapo mafundi wanaoweka mpingo. Mpingo huu huu wa kwetu kusini, mzito hata ukiutupa majini unazama.

Lakini jina la mti halitoshi. Fuata nyuzi za mti. Fimbo ikitoka kiwandani nyuzi zake zikiwa zimekwenda mshazari, zikatokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, hiyo itapinda, leo au masika. Mti hunywa unyevu na kuvimba kwa upana, kwa urefu haubadiliki sana. Nyuzi zikiwa mshazari, upande mmoja unavuta kuliko mwingine. Mimi yalinikuta. Nilinunua dukani Dar fimbo ya kung'aa, ina michoro ya joka, nikaileta huku. Nikaisimamisha kwenye kona, karibu na jiko la mkaa, kwa kiangazi chote. Mvua za Desemba zilipokuja nikaitoa: upinde. Na lile joka kumbe lilikuwa karatasi, likaanza kubanduka mkia. Muuzaji nilimlaumu sana, ila jiko nililiwasha mwenyewe.

Ukienda kununua, usiridhike kwa kuiviringisha mezani tu, maana meza zenyewe za baa mnazijua, nyingine mpira unaenda ukiwa hujaugusa. Ukiiviringisha, tazama mwanga kati ya fimbo na kitambaa. Ukifunguka na kufumba, pana tumbo hapo. Kisha iinue machoni kama ninavyokagua mbao, fumba jicho moja, izungushe polepole. Kama ni ya vipande viwili, kagua kila kipande peke yake kwanza. Halafu ifunge, igonge kidogo na kiganja, usikilize. Kiungo kinacholia kama bati kimelegea.

Ukubwa sitachelewa nao. Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 147. Ncha ya milimita 12 au 13 ni ya mipira mikubwa, ile ya milimita 57; kama kwenu mnacheza mipira midogo ya milimita 51, tafuta ncha nyembamba, tisa hivi. Kwa hiyo pima kwanza mipira ya meza unayoichezea, ndipo uende dukani.

Naona mkono. … Anauliza, nzito au nyepesi? Kaka, nyingi ziko kati ya gramu 510 na 600. Chukua ambayo ukiishika huifikirii. Ukiona unajikaza ili isogee, ni nzito kwako. Ukiona inakurukaruka, ni nyepesi.

Mkono wenyewe sasa. Mnaposhika fimbo mnaikaba. Msumeno ukiukaba unatoka nje ya mstari, kila fundi anajua, na fimbo ni hivyo hivyo. Vidole vilegee kama unavyoshika patasi wakati wa kumalizia, siyo unavyoshika shoka. Bega litulie, juu ya kiwiko pasisogee, kinachobembea ni mkono kuanzia kiwiko kushuka. Rudi nyuma polepole, tulia kidogo, kisha pita katikati ya mpira uendelee mbele. Wengi mnaisimamisha fimbo pale pale inapogusa, halafu mnanyanyuka kutazama kama umeingia. Ukinyanyuka mapema, kiwiko nacho kinanyanyuka, na ile sehemu moja ya elfu inaangukia mahali pengine.

Ukigusa katikati na nyeupe ikafika inateleza bila kuviringika, ukiwa umeupiga mpira wa pili kwa pembeni, hiyo mipira miwili inaachana kwa kona ya skwea. Nyeupe ikifika inaviringika na ukagonga nusu ya mpira, itakwepa njia yake kama digrii thelathini na kidogo. Jua hizo mbili tu na utaacha kushangaa nyeupe inapodumbukia. Mfaransa mwingine, mwanahisabati Coriolis, aliandika kitabu kizima cha hesabu za jambo hili mwaka 1835. Gusa chini, inarudi; gusa juu, inafuata. Ila usivuke nusu ya njia kutoka katikati hadi ukingoni, hapo ngozi inaachia, chaki au hakuna chaki. Na hii tabia yenu ya kuzungusha pembeni ili wasichana waone: ukigusa kulia, nyeupe inatoka ikisukumwa kidogo kushoto. Ukitazama shimo tu bila kulifidia hilo, unakosa, halafu unalaumu meza.

Basi, kazi. Hii chupa ya soda imeshanywewa. Nailaza mezani, mdomo ukutazame. Ingiza fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, mara kumi, kwa mwendo wa kupiga kweli, bila kugusa kioo. Anayegusa, tutasikia wote.

Nani anaanza? Wewe mwenye kofia ya sufu, dada, ndiyo wewe. Njoo. Legeza vidole … legeza zaidi. Moja … mbili … tatu …

Aa! Tumesikia. Rudi kwenye moja.