Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Ndugu madereva, asanteni kwa kuacha vituo vyenu mchana huu. Mada yetu ni moja: umewasha AC, upepo unakuja kwa nguvu, lakini ni wa moto. Kwa joto la Dar es Salaam la Februari, abiria anashuka ameloa jasho, na nyota zako kwenye programu ya usafiri zinapungua.

Ukifika gereji, mara nyingi utaambiwa ujaze gesi kabla hata boneti haijafunguliwa. Sasa tuelewane. Gesi ya jikoni huisha kwa sababu inachomwa. Ya AC haichomwi. Kompresa inaisukuma, inapoa kwenye kondensa pale mbele ya rejeta, inaingia ndani ya dashibodi kuchukua joto la gari, kisha inarudi kompresa. Inazunguka tu. Mipira ya paipu hupitisha kidogo sana kwa miaka, hilo nakubali. Lakini gari iliyojazwa Desemba na leo inapuliza moto ina mahali inavuja, na ukijaza tena bila kupatafuta umelipia upepo.

Halafu si kila joto ni gesi. Injini ikiwa inaunguruma, mtu abonyeze AC, wewe simama mbele usikilize. Kwenye magari mengi utasikia "ta!", klachi ya kompresa, inayoiunganisha na mkanda wa injini, imeshika. Kimya? Angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) kwanza, ni vitu vya bei ndogo. Inawezekana pia gesi imepungua, swichi ya presha ikakataa kuruhusu klachi. Swichi hiyo ina akili kuliko mafundi fulani: oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi ikiwa haba kompresa inasagika kavu. Fundi anayeunga waya moja kwa moja ili klachi ishike anaua kompresa yako. Na ikifa, inamwaga chembe za chuma mpaka kwenye kondensa. Hapo bili si ya gesi tena.

Dalili nyingine mnaijua nyinyi kuliko mimi. Kwenye foleni ya Ubungo hewa ni ya moto, ukishika barabara ya Bagamoyo inakuwa baridi. Hiyo angalia feni ya kondensa: haizunguki, au kondensa imejaa vumbi na wadudu. Mwendo wa gari ndio unaofanya kazi ya feni. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo. Ukiielekezea mashine ya kuoshea magari kwa karibu, mapezi yake, vile vibati vyembamba, yanalala.

Kinyume chake, inaanza baridi, baada ya saa moja upepo unakuwa mdogo na baridi inapotea. Ndani kumeganda barafu. Anza na chujio la hewa nyuma ya droo ya abiria. Wengine hamjawahi kulitoa tangu gari ishuke bandarini.

Na kama paipu nene inayorudi kompresa ni baridi na inatoa majasho, lakini ndani ya gari joto, usiguse gesi kabisa. Kimlango kinachochanganya hewa ya hita ndani ya dashibodi kimekwama.

Ikibaki gesi, dai geji mbili za presha, moja ya upande wa chini unaorudi kompresa, nyingine ya upande wa juu unaotoka kompresa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, gesi ya R134a, ile ya AC za magari mengi, kwenye joto la nyuzi 30 husoma karibu psi 97 pande zote mbili. Hiyo inakwambia gesi ipo, haikwambii ipo kiasi gani. Injini na AC zikiwaka, presha ya upande wa chini ishuke na ya upande wa juu iongezeke. Pande zote zikiwa chini, imepungua. Zikibaki karibu sawa wakati klachi imeshika, kompresa imechoka.

Mahali panapovuja mara nyingi huonekana kwa macho: kwenye maungio pana oili iliyoshika vumbi jeusi. Fundi abadilishe sili, avute hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, aifunge na kuona kama geji inatulia. Ndipo apime gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Ikizidi pia haipoi.

Dawa za kuziba matundu msizikubali, huziba hata panapotakiwa kupitisha. Gesi ya kupikia ndani ya AC ni moto unaosubiri cheche. Na R134a isiachiwe hewani: kilo yake moja hupasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa, ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za kundi hilo.

Wenye haibridi, Aqua na Prius, mnisikilize vizuri. Kompresa yenu ni ya umeme mkubwa, haina mkanda, na oili yake si ile ya kawaida. Oili ya kawaida ikiingia, hitilafu ya umeme inafuata. Muulize fundi anatumia oili gani kabla hajafungua hata nati moja. Akikujibu kwamba zote ni sawa, funga boneti uondoke.

Sasa twendeni nje kwenye ile gari nyeupe. Injini imewashwa. Mikono mbali na mkanda, na anayejitolea aje ashike paipu nene aniambie anasikia nini.