Mnaniuliza Kila Siku: Maabara ya Virusi Ina Watu Gani, na Unaingiaje?

Mwagonile watu wa Tukuyu na Kyela, kamwene watu wa Iringa, na wengine wote habari zenu. Nipo nyumbani Uyole kwa likizo, ndiyo maana mnasikia kuku. Swali ni lile lile kwenye kila video: "Dada, hiyo maabara ya virusi unayofanyia kazi, wanalipa shilingi ngapi, na mimi naingiaje?" Nikilijibu, wapo watakaosema najionyesha. Nikitaja shida zake, wapo watakaosema nimeshashiba, sasa nawafungia wenzangu mlango. Semeni tu. Naeleza yaliyonikuta mimi. Ya mwenzangu yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Kwanza, mimi si daktari wala profesa. Ni mteknolojia wa maabara kwenye chuo kikuu kimoja Uingereza, kikundi kinachochunguza virusi vya njia ya hewa: influenza (mafua makali), RSV (kirusi kinachobana kifua cha watoto wachanga) na corona. Huku watu wanadhani maabara ni profesa na darubini yake. Profesa wetu muda mwingi yuko ofisini anaandika maombi ya fedha, kwa sababu fedha za mradi zikikata, wote tumekwisha. Chini yake kuna waliomaliza PhD, yaani shahada ya uzamivu, tunawaita posdoki. Hao ndio nawaonea huruma: mkataba wa miaka miwili mitatu, kisha unaanza kutafuta upya, na watoto wako shule. Kuna wanafunzi wa PhD, kuna kijana anayekaa na kompyuta kutwa nzima akichambua jenomu za virusi, yaani vinasaba vyake vyote, kuna meneja anayeagiza vifaa na kugombana na wauzaji. Na kuna mama mmoja wa otoklevu, anayepika taka zetu zote kwa mvuke wa nyuzi 121 kabla hazijatoka nje ya jengo. Wiki aliyougua, kazi ilisimama. Jina lake hamtaliona kwenye makala yoyote ya kisayansi, na hilo linaniuma.

Mimi kazi yangu ni kulea seli. Virusi haviwezi kuzaliana vyenyewe, vinataka seli hai. Tunatumia sana seli za Vero, ambazo asili yake ni figo la tumbili wa Afrika. Zilianzishwa Japani mwaka 1962 na mpaka leo zinaendelea kugawanyika. Kwa influenza tunatumia za figo la mbwa, za tangu 1958. Zinakaa kwenye chupa bapa ndani ya inkubeta, yaani kabati la joto, nyuzi 37, juu yake kuna maji ya virutubisho yenye rangi nyekundu ya kufifia. Ukifungua asubuhi ukakuta yameanza kugeuka njano, ujue chakula kinaisha na asidi imepanda, usipobadilisha, zinakufa. Seli hazijui Jumapili. Wenzangu wakiwa kanisani, mimi natembea kwenye baridi kwenda kubadilisha maji.

Sasa hili la "mnatengeneza magonjwa mtuletee". Nimelisoma kwenye maoni, nikalimeza. Lakini safari hii limenikuta nyumbani: ndugu yangu wa damu kawaambia watoto wasitumie kikombe nilichonywea. Nililia, siwafichi. Virusi tunavishika ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa kwa ndani na kuichuja, glavu jozi mbili, koti tunaliacha mlemle. Na virusi vyenyewe vimetoka kwa wagonjwa, wengi wao watoto waliopimwa puani kwa kijiti cha pamba. Wanaotafuta chanjo wanahitaji kirusi chenyewe cha kuijaribia. Watafanyaje bila hicho?

Hela. Mwanafunzi wa PhD anayefadhiliwa na baraza la utafiti la serikali ya kule, kwa mwaka 2025/26 posho yake ya chini ni pauni 20,780, haikatwi kodi. Ukiipiga kwa shilingi utaona milima. Toa kodi ya chumba kwanza, halafu tuongee. Ukitaka viza ya kazi, tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara ni pauni 41,700 kwa mwaka, na sisi mafundi wa maabara vyuoni wengi tunalipwa chini ya hapo. Yapo masharti nafuu kwa baadhi ya watu, kama mwenye PhD inayohusiana na kazi yake. Juu ya hapo kuna ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na unailipa yote kwa mkupuo kabla hujaonja mshahara. Viza ya miaka mitatu ni 3,105. Ndiyo maana wengi mnaotuona kule tulianzia kwenye uanafunzi, ambao ada yake ya afya ni pauni 776 kwa mwaka.

Na karatasi! Kwa masomo ya utafiti yanayogusa vijidudu, Mtanzania anaomba kibali kinaitwa ATAS, anaeleza atachunguza nini hasa. Mmarekani anayekaa meza ya pili yangu haombi. Kibali ni bure, ila kinakula wiki. Halafu unatakiwa cheti cha kupimwa kifua kikuu, kinachodumu miezi sita. Mimi nilipanda basi kutoka Mbeya mpaka Dar nikapima, nikawa safi. Chuo kikachelewesha barua yao, cheti kikaisha muda, nikarudi Dar kupima upya kwa hela ya kukopa. Aliyechelewesha hakuomba hata radhi. Kwa hiyo kama utasikiliza langu moja: usipime mpaka barua iko mkononi.

Mtaniuliza kwa nini sijaacha. RSV ndiyo inayowabana watoto wachanga kifua, mnakaa wodini mnaambiwa nimonia. Katika watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa RSV duniani, zaidi ya 97 kati ya 100 wako nchi kama zetu. Uingereza wajawazito wanachanjwa tangu Septemba 2024, kuanzia wiki ya 28. Nataka dada zangu wa Mbalizi na Mafinga nao waipate, na sitanyamaza mpaka waipate.

Kwa wadogo zangu mnaosoma maabara hapa Mbeya: msidharau kilichopo. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wana kituo hapahapa mjini, wamefanya utafiti mkubwa wa VVU na kifua kikuu. Ukipata nafasi ya kujitolea sehemu kama ile, andika kila unachokifanya, na msimamizi wako akuandikie barua. Mimi kwenye usaili hawakugusa GPA. Waliniuliza: Jumamosi jioni umekuta fangasi kwenye chupa moja ya seli, Jumatatu posdoki ana jaribio kubwa, unafanyaje? Nikasema naimwagia dawa ya kuua vijidudu, natupa chupa zote zilizokaa nayo, nasafisha inkubeta, nayeyusha seli nyingine kutoka kwenye akiba, na namjulisha usiku huohuo hata akikasirika. Wakatazamana, wakaniuliza naweza kuanza lini.