Usiniambie Ni Nzuri, Niambie Ulikwama Wapi

Ndugu zangu, naanzia pale pale ninapoanzia siku zote. Mliokwisha kunisikia mnivumilie. Mswada ukirudi kwa mwandishi na maneno "nzuri sana, hongera", umerudi mtupu. Ukirudi na "haujanigusa", mtupu vilevile. Ukosoaji unaojenga una mahali: ukurasa huu, aya hii, na kilichompata msomaji alipofika hapo.

Tazameni sentensi hii: "Alimwambia amrudishie kabla hajaondoka." Chumbani yumo Juma, yumo Salim, yumo na mjomba wao. Nani kamwambia nani? Anayeondoka ni yupi? Mwandishi haoni swali lolote, kwa sababu hasomi kilichoandikwa, anasoma kilichomo kichwani mwake. Ataipitia mara ishirini asigutuke. Msomaji mgeni anakwama papo hapo. Akiandika pambizoni "hapa sijui nani anaondoka", basi amefanya kazi ambayo mwandishi hawezi kujifanyia.

Sasa hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mnaikimbilia sentensi hiyo hiyo, mnapachika majina matatu, inasomeka kama maelezo ya polisi. Kumbe kosa liko aya mbili nyuma: mjomba aliingizwa chumbani bila kazi, akaachwa amesimama tu. Mtoeni. Juma awe mlangoni na begi lake, kitabu cha Salim kwapani. Sentensi ile ile itaeleweka bila kuguswa. Kwa hiyo mwaminini msomaji anapoonyesha mahali. Sababu anayoitoa na marekebisho anayopendekeza, hayo yapimeni. Wawili wakikwama mahali pamoja, hata kwa sababu zinazopingana, pana tatizo.

Mtaniambia, "Lakini huyo si mwandishi, anajua nini?" Jamani! Hatumwombi atufundishe kuandika. Tunamwomba aseme alipokwama, na kukwama hakuhitaji shahada.

"Atanivunja moyo." Basi mpe maswali, usimwachie aamue mwenyewe aseme nini. Wapi ulilazimika kurudia kusoma? Wapi ulitamani kuruka? Ulipomaliza ukurasa wa kwanza, ulidhani tunaelekea wapi? Wasomaji watatu wanatosha. Kumi watakuvuta huku na huku. Wakisema, nyamaza uandike. Ukishaanza "hapana, nilimaanisha hivi", umemfunga mdomo. Hayo maelezo yako yanakili, maana mara nyingi ndiyo yanayokosekana ukurasani.

Mpangilio wa kazi nitaupitia mbio mbio: muundo kwanza, kisha aya, kisha sentensi, tahajia mwisho kabisa. Kusahihisha koma za ukurasa utakaoufuta kesho ni kupoteza mchana.

Kuhusu namna ya kumkosoa mwenzako nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu: soma mswada hadi mwisho kabla ya kuandika lolote pambizoni, maana unalolilalamikia ukurasa wa pili huenda limejibiwa wa tisa. Na kama lingepaswa kujibiwa mapema, andika hivyo. Haya, maswali.