Namba ya tonado inatolewa kesho yake

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine wote hamjambo. Asanteni kwa kuja, najua wengi wenu mmetoka shifti ya usiku na usingizi bado uko machoni, kwa hiyo sitawachosha na hesabu.

Wiki ile simu zilipolia zote kwa pamoja kutoa tahadhari ya tonado hapa Kentucky, mama mmoja alinipigia, sauti inatetemeka, akaniuliza, "mwanangu, hii inayokuja ni EF ngapi?" EF ni kipimo cha nguvu ya tonado. Nikamwambia mama shuka chini ujifiche kwanza, tutaongea baadaye. Lakini lile swali limenikaa kichwani, na leo nimekuja kulijibu vizuri, maana nimegundua wengi tunangoja kusikia namba ndo tuamue kukimbia au la.

Tuanze na jina. Nyumbani tunaita kila upepo mbaya kimbunga, na hapo ndo tunachanganya. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilizaliwa baharini, kilitabiriwa siku kadhaa kabla, upana wake unahesabu kwa mamia ya kilomita. Tonado ni kitu kingine kabisa, ni nguzo ya upepo inayozunguka kwa nguvu, juu imeshika wingu chini imegusa ardhi, mara nyingi upana wake ni wa kuhesabu kwa mita na inaishi dakika chache tu. Na kile kisulisuli cha vumbi tulichokuwa tunakikimbilia utotoni kiwanjani jua likiwaka, chamchela wengine wanasema, hicho sio tonado kwa sababu juu yake hakuna wingu lolote linalokilea, kinatokana na joto la ardhi tu.

Sasa inatokeaje. Hewa ya joto yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico inakuja huku Kentucky, juu yake inapita hewa kavu na ya baridi kutoka magharibi, hapo ya chini inataka kupanda kwa nguvu kama maji yanavyochemka. Hiyo peke yake inaleta radi na mvua tu, radi ambazo hata nyumbani Afrika Mashariki tunazo tele. Kinachoongeza balaa ni upepo kubadilika kadri unavyopanda. Chini unavuma taratibu kutoka kusini, kilomita chache juu unavuma kwa kasi kubwa kutoka magharibi. Chukua kalamu uiweke katikati ya viganja, kiganja cha juu kiende mbele haraka, cha chini kitulie, unaona kalamu inavyobiringika? Hewa nayo inabiringika hivohivo, imelala. Alafu ile hewa inayopanda inakuja inaiinua ile biringi inaisimamisha wima, na hapo wingu lote linaanza kuzunguka, wingu kubwa la kilomita nyingi, wataalamu wanaliita supaseli. Mkiona kwenye radar ya TV rangi imejikunja kama ndoano, ndo hiyo.

Supaseli nyingi hazizai tonado, hili mlijue. Inabidi mzunguko ufike chini na ubanwe. Mtoto akizunguka amenyoosha mikono anaenda taratibu, akiikunja kifuani anaongeza kasi ghafla, hewa nayo ikivutwa juu inakuwa nyembamba na kasi inapanda mara nyingi. Kwa nini kwetu Afrika Mashariki hatuzioni hizi kubwa, watu huniuliza sana hilo: joto tunalo, unyevu tunao, ila zile pepo kali za juu ziko mbali na ikweta, hakuna wa kubiringisha kalamu.

Ila kuna aina nyingine isiyohitaji supaseli, na hiyo mimi nimeiona kwa macho yangu nikiwa mdogo Mwanza, bomba la maji limening'inia kati ya wingu na ziwa, jeupe, limetulia kabisa, wavuvi wanageuza mitumbwi. Pepo mbili zinakutana juu ya uso wa ziwa, zinasokotana, wingu linalokua juu yake linazivuta kama uzi. Ikitokea nchi kavu ni jambo lilelile. Nyingi huwa dhaifu, lakini radar inaweza isizione kabisa kwa sababu mzunguko unaanzia chini, kwa hiyo dhaifu isikupe moyo wa kutoka nje kuchukua video.

Aina inayonitisha zaidi hapa Kentucky ni ile inayojificha ndani ya mstari mrefu wa mvua za radi. Inatokea haraka, imefunikwa na mvua, na hapa kwetu zinapenda usiku, alafu kuna vilima na miti, huoni kitu. Picha za Kansas na Oklahoma mnazoziona, uwanda wazi na koni nzuri imesimama mbali, zisahauni. Na umbo halisemi nguvu. Kuna nyembamba kama kamba iliyoua, kuna pana kama kabari iliyopita mashambani tu.

Tuje kwenye namba sasa, hapa nitakaa kidogo maana nampenda sana huyu mzee. Ted Fujita alikuwa Mjapani, kijana wa miaka ishirini na kitu mwaka 1945, alikuwa anafundisha karibu na mji wa Kokura. Bomu la pili la atomiki lilikuwa liangushwe Kokura, ndege ikafika, marubani hawakuona mji kwa sababu ya mawingu na moshi, wakaenda Nagasaki. Yaani kijana aliyekuja kutumia maisha yake yote kusoma mawingu alinusurika siku ile kwa sababu anga lilifunikwa. Baadaye alienda Nagasaki na Hiroshima kukagua, akaangalia miti ilivyolala na kitu gani kimeungua upande gani, akasoma kutoka kwenye mabaki jinsi nguvu ilivyoshuka kutoka juu. Jicho hilo ndo alikuja nalo Marekani, Chuo Kikuu cha Chicago, 1953, akawa anapanda ndege ndogo kuzunguka juu ya vijiji vilivyopigwa na tonado, anapiga picha, anachora. Mwaka 1971 akatoa kipimo chake, F0 mpaka F5.

Shida ni kwamba hakuna mashine inayokaa ndani ya tonado ikasoma kasi na kubaki salama, kwa hiyo yeye alisoma uharibifu akakisia upepo. Baadaye mainjinia wakagundua nyumba nyingi zinabomoka kwa upepo mdogo kuliko alivyodhani, kipimo kikarekebishwa, tangu Februari 2007 Marekani inatumia EF, yaani kipimo cha Fujita kilichoboreshwa. Kuna vitu 28 wanavyokagua, nyumba ya familia, shule, nyumba ya trela (ile ya kuhamishika isiyo na msingi), nguzo ya umeme, hata mti. EF0 inaanzia maili 65 kwa saa, EF1 86, EF2 111, EF3 136, EF4 166, na ikizidi 200 ni EF5. Wakaguzi wanafika kesho yake na kamera, wanaangalia nyumba imeondoka kwenye msingi, sawa, lakini ilifungwa kwa bolti au misumari tu? Ya misumari haipewi namba kubwa hata kama imefagiwa yote.

Angalieni El Reno, Oklahoma, 31 Mei 2013. Upana wake ulifika maili 2.6, radar zilizobebwa kwenye magari zilisoma upepo wa karibu maili 300 kwa saa, iliua watafiti wazoefu watatu waliokuwa wanaifuatilia, lakini rasmi ni EF3, kwa sababu ilipita sehemu kubwa mashambani na hapakuwa na cha kuvunja. Na ile ya Enderlin, North Dakota, 20 Juni 2025, ilipandishwa kuwa EF5 mwezi Oktoba, baada ya wataalamu kupiga hesabu ya mabehewa ya treni yaliyorushwa. EF5 ya kwanza kwa miaka 12, na ilichukua zaidi ya miezi mitatu kuijua!

Ya Mayfield hapa kwetu, usiku wa 10 Desemba 2021, ilitembea maili 165, ikaua watu 57, wengine wakiwa kazini kiwanda cha mishumaa. EF4. Usiku uleule Bowling Green walipata EF3. Na 16 Mei 2025 usiku ikapita London, London hii yetu ya Kentucky, EF4 tena. Hakuna hata mmoja aliyejua namba wakati anajificha.

Kwa hiyo mama yangu uliyenipigia, naona umekaa pale mbele, jibu ni kwamba namba ya inayokuja haipo. Kilichopo ni wochi, kwamba hali ya hewa inaruhusu, kaa macho na uchaji simu, na woningi, kwamba imeonekana kwenye radar au kwa macho ya mtu. Woningi ikija ni besimenti, chumba cha chini ya ardhi, kama huna basi chumba cha ndani kabisa ghorofa ya chini kisicho na dirisha, bafu hata kabati, na helmeti ya baiskeli ya mtoto kichwani. Wenye nyumba za trela mnatoka mapema, wakati wa wochi, mnaenda kwa ndugu mwenye nyumba yenye msingi, maana trela EF1 tu inaipindua.

Kaka pale nyuma ameuliza kama ni kweli ufungue madirisha ili nyumba isipasuke. Hapana kaka, ni maneno ya zamani hayo. Nyumba haipasuki kwa presha, upepo unaingia unanyanyua paa, na ukifungua unaukaribisha. Zile sekunde za kuzunguka madirisha, beba mtoto ushuke.